Asubuhi Tatu na Mguu Wangu

Nikisikia mtu akisema "hao watu ndivyo walivyo," huwa namuuliza swali moja tu: umewaona wangapi? Watoto wangu walichoka na swali hilo zamani, na sasa wajukuu nao wameanza kuchoka. Juzi mmoja wao alirudi nyumbani akifoka kwamba mafundi wa cherehani wote ni waongo. Nikamuuliza wangapi. Akazungukazunguka, mwishowe akakiri kwamba ni fundi mmoja, na huyo mmoja alichelewesha nguo kwa sababu alifiwa. Wananiona mkorofi. Ni kweli, mimi ni mkorofi, na ukorofi wangu niliuokota Takawiri, kile kisiwa kidogo cha ziwani, ambako nilihukumiwa kwa ushahidi wa asubuhi tatu.

Kuna methali ambayo siipendi hata kidogo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi na mama mdogo wangu. Yeye alikausha samaki kwa moshi na kuwauza soko la Homa Bay, na kila asubuhi aliwapitia mmoja mmoja, akifunua shavu kwa kidole gumba na kunusa. Aliyeoza alitupwa. Wenzake walipanda kichanjani kama kawaida. Tena hakuwahi kununua kikapu kwa kutazama samaki wa juu, maana kila muuzaji duniani huweka wazuri juu. Alikuwa anatia mkono mpaka kiwiko, anatoa wa chini kabisa, anamtazama huyo kwanza. Wauzaji walimchukia kwa tabia hiyo, naye hakujali.

Mimi nilizaliwa Kegonga, juu kule kwa Wakuria. Baba alikuwa Mkuria, mama alikuwa Mjaluo wa kando ya mto Kuja, upande wa Migori. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kabla mwaka haujaisha baba alikuwa ameoa tena, na mke mpya akasema waziwazi kwamba hana chungu cha kunipikia. Kulikuwa pia na jirani mmoja, mzee mwenye ng'ombe wengi na meno machache, aliyeanza kumuuliza baba umri wangu kila walipokutana. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuchoka haraka. Akanishika mkono, akanishusha mpaka Homa Bay, akanipandisha kwenye mtumbwi wa wafanyabiashara, nikapelekwa kwa mdogo wake mama, aliyekuwa ameolewa Takawiri, akafiwa na mume, akabaki hukohuko na kichanja chake. Ilikuwa miaka ile ya Uhuru, bendera bado mpya.

Nilikijua Kikuria, na Kiswahili cha shule. Dholuo ya mama nilikuwa naisikia nusu nusu. Kwa hiyo watu wa kisiwa walizungumza nami kwa Kiswahili chao cha sokoni, na mama mdogo kwa Kiswahili alichokiokota Homa Bay kwa wenye maduka waliovaa kanzu. Waliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Kabla yangu, Mkuria mmoja tu ndiye aliyewahi kukanyaga pale: askari aliyekuja na chifu kutafuta pombe haramu, akampiga mtu teke mbele ya wakwe zake. Basi mimi, msichana mwembamba na sanduku la bati, nilishuka kwenye ule mtumbwi na watoto wakakimbia. Walingoja teke.

Sasa, wavuvi wa kule walikuwa na desturi. Waliamini kwamba mtu wa kwanza unayekutana naye ukielekea majini ndiye anayeamua siku yako. Kuna watu wenye mguu mzuri, ukikutana nao nyavu zinajaa. Kuna wenye mguu mbaya, ukikutana nao heri urudi ukalale. Mimi hakuna aliyeniambia. Asubuhi yangu ya kwanza niliteremka na debe kuchota maji, giza likiwa linaanza kukatika, nikawakuta wanaume watano wanasukuma mtumbwi. Nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu. Nikawasalimia kwa sauti, wote, bila kumruka hata mmoja. Hakuna aliyejibu. Siku hiyo walirudi na samaki wa kujaza karai moja.

Asubuhi ya pili niliwakuta tena, nikasalimia tena kwa sauti zaidi, nikidhani hawakunisikia. Kiboko alipita katikati ya wavu wao akautoboa. Asubuhi ya tatu walipata fulu tu, wale samaki wadogo wa urefu wa kidole ambao watoto huchoma wakicheza.

Nahodha wao alikuwa mwanamume mrefu, mwenye pengo la meno sita ya chini yaliyong'olewa kimila, kama wazee wote wa rika lake. Alisimama mbele ya wanawake waliokuwa wanangoja na vikapu, akaninyooshea kasia.

"Huyu mtoto, mguu yake ni mbaya," alisema. "Siku tatu. Nyinyi wote mmeona."

"Kabla sijakuja, mzee, mlikuwa hamkosi?" nikauliza.

Mwanamke mmoja alinivuta mkono ninyamaze, kwa sababu mtoto hajibizani na mtu wa umri ule. Lakini nilikuwa nimeshasema. Mwenzake nahodha, kijana mwenye kofia ya majani ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akasema dalili ya mvua ni mawingu. Nikamuuliza ni mawingu mangapi yamepita juu ya kichwa chake bila kumlowesha. Wanawake wawili walicheka, wakafunika midomo.

Nyumbani nililia kwa hasira. Nilimwambia mama mdogo kwamba wanaume wa kisiwa hiki wote ni roho mbaya, wote, kuanzia nahodha mpaka mtoto wa juzi.

Yeye alikuwa anageuza samaki juu ya moshi, macho yamemwiva. "Wote?" akauliza. "Umewaona wangapi?"

"Watano."

"Na hapa kuna wanaume wangapi?"

Nikamgeuzia mgongo. Nilimwona naye yuko upande wao.

Mwaka huo ziwa lilikuwa linapanda. Kila mtu aliyeishi kando ya ziwa miaka ile analikumbuka. Mvua zilinyesha zikapitiliza, maji yakaanza kula ufuko pole pole, leo jiwe la kufulia nguo, kesho njia ya kwenda kanisani. Shamba la mtama la mama mdogo, lililokuwa hatua mia moja kutoka majini, lilizama mpaka yakabaki mabua yamesimama kwenye maji. Na unajua walisema nini? Yule mwenye kofia alisema ziwa lilianza kupanda nilipofika. Mimi, niliyekuwa nashindwa kubeba debe lililojaa, nimejaza ziwa! Nilitamani kumuuliza kama lile la kule Uganda nalo nililijaza mimi, maana ni ziwa hilohilo.

Nyavu zikaendelea kutoa kidogo. Siku moja jioni nahodha alikuja akasimama nje ya ua wetu. Hakuingia. Alivua kofia yake ya kitambaa akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, sisi na wewe hatuna shida," alimwambia mama mdogo. "Marehemu bwana yako alikuwa mtu wetu. Lakini mitumbwi yote imekubaliana. Huyu mtoto akikaa hapa, hakuna mtu atakuuzia samaki. Akirudi kwao, tutaendelea kama zamani. Ngoja mpaka mtumbwi wa soko uende, aende nayo."

"Jaduong'," mama mdogo akasema, yaani mzee, kwa heshima, "huyu ni mtoto wa dada yangu. Kwao ni wapi tena?"

Nahodha alitazama chini. Kisha akavaa kofia, akaondoka.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja mtumbwi wa soko kubwa uondoke. Mwezi mmoja, halafu nirudi Kegonga kwa mwanamke asiye na chungu changu na mzee anayeuliza umri wangu, au mama mdogo akose samaki na kichanja kibaki kitupu. Hakuna mtu aliyeniambia nichague, ila nilijua. Niliogopa sana, na niliona aibu kuogopa, kwa hiyo nilifanya kiburi.

Siku zile tulikula ugali wa muhogo na mboga za kuchuma. Mara moja moja, asubuhi, tulikuta samaki ametundikwa kwenye miti ya ua, ngege mzima, yaani sato, kafungwa kwa ukambaa wa mafunjo uliopita shavuni. Mama mdogo alisema Mungu hasahau wajane. Mimi niliamua ni mke wa mwalimu wa kanisa, kwa kuwa yeye peke yake alinitazama usoni. Tuliwala, tukashukuru, sikufikiria zaidi.

Nilichofikiria ni mguu wangu. Niliutazama nikiwa nimekaa mlangoni, pamoja na kidole chake kilichovunjika kucha nilipojikwaa Kegonga. Nikajiambia: kama ni huu, basi nitauficha tuone. Tangu siku ile nikaacha njia ya ufukweni. Nilizunguka nyuma ya kilima, mwendo wa mara mbili, nikachota maji mahali pasipo na mtumbwi wala mtu, na sikurudi mpaka nisikie makasia yamekwenda mbali. Wakirudi, niliwauliza watoto walipata nini. Siku ya kupata niliweka jiwe jeupe kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku ya kukosa niliweka jeusi. Hakuna aliyenifundisha. Mama yangu alikuwa anahesabu hivyo hivyo siku za kuku kulalia mayai.

Baada ya siku ishirini na mbili nililichukua lile kopo nikaenda ufukweni mchana, walipokuwa wanashona nyavu. Nikamwaga mawe mchangani mbele yao.

"Siku zote hizi hamjaniona," nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyekutana nami. Nyeupe ni siku mlizopata. Nyeusi ni siku mlizokosa. Nyeusi ni kumi na tano. Nani alileta mkosi siku hizo kumi na tano?"

Walitazama mawe. Nahodha aliokota moja, akaligeuza. Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda.

"Ulikuwa umejificha," akasema yule mwenye kofia ya majani, "lakini ulikuwa unatufikiria."

"Na hizi saba nyeupe?"

"Hiyo siku ulisahau."

Walicheka wote. Si kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watu walioona mwenzao amejibu vizuri, na hicho ndicho kiliniuma. Nikikutana nao, ni mimi. Nisipokutana nao, ni mimi. Ningeweza kuhamia mwezini na bado wavu ungetoboka kwa ajili yangu. Nahodha alinirudishia jiwe mkononi.

"Mawe haivui samaki, mtoto wangu," alisema kwa upole, na upole wake ukanichoma kuliko maneno ya mwenye kofia.

Niliondoka nikipita kandokando ya maji, kwa sababu sikutaka wanione nikifuta machozi. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye shamba letu lililozama. Mabua ya mtama yalikuwa yamesimama ndani ya maji ya magotini, na yalikuwa yanatikisika. Upepo haukuwepo. Bua moja linatikisika, linatulia, la pili linatikisika. Nikaingia ndani taratibu. Kitu kizito kikanigonga mguuni, mguu uleule mbaya, kikageuka, nikaona mkia.

Ngege. Shamba lilikuwa limejaa ngege.

Nilikimbia nyumbani mpaka nikakosa sauti. Mama mdogo hakuniuliza maswali mengi. Alitazama ukutani, ambako kilikuwa kimetundikwa kikapu kirefu chenye mdomo mpana na shingo nyembamba, kikapu nilichodhani ni cha kukumbukia tu. Kwao, kando ya mto Kuja, wanawake huvua kwa vikapu. Wanaingia mtoni wamejipanga, wanasukuma maji kwa miguu, wanawaelekeza samaki wenyewe mpaka mdomoni mwa kikapu. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Visiwani wanawake hawafanyi hivyo, kwa kuwa kuna mitumbwi, na mtumbwi wa kuvulia ni wa wanaume, mwanamke haupandi. Kikapu kilikuwa kimekaa ukutani tangu mama mdogo aolewe.

Tulifunga nguo viunoni tukaingia kwenye mtama wetu. Yeye alishika kikapu, mimi nilipita upande wa pili nikipiga maji. Mara ya kwanza tulipata saba. Mama mdogo aliwatazama, akawatazama tena, akaanza kucheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, kicheko cha msichana wa mtoni. Jioni kichanja kilijaa.

Nilitaka tufanye siri. Nilisema wazi: waache walale njaa, si wametufukuza? Mama mdogo alikataa.

"Hawa watu wana watoto," alisema. "Kesho uende uwaambie mwenyewe. Na uwaambie sababu."

Nilikwenda. Niliwaambia samaki hawakuondoka kwa sababu ya mguu wangu wala wa mtu yeyote. Maji yamepanda, yamefunika majani na mashamba, na samaki wamefuata chakula na mahali pa kutagia. Walikuwa wanatega mbali, mahali pa zamani, wakati samaki wako mgongoni mwao. Nahodha alisikiliza bila kunikatiza. Kesho yake walitega kando ya mashamba yaliyozama, wakarudi mtumbwi umelala majini kwa uzito. Wanawake walikimbia na vikapu. Mama mdogo alikimbia nao, na hakuna aliyemzuia.

Ungefikiri hapo ndipo mambo yangeisha. La hasha. Siku ya tatu, naomba uzingatie, ya tatu, nahodha alifika kwetu na watu wake wote. Safari hii waliingia ndani ya ua.

"Tulikosea," akasema. "Mguu ya huyu mtoto ni nzuri. Ni nzuri sana. Siku tatu, mmeona. Tunaomba kila asubuhi akuje asimame hapo kwa maji, ashike mtumbwi kidogo, basi. Wewe Mama utakuwa wa kwanza kuchagua samaki, kila siku."

Mwenye kofia alikuwa anatabasamu kana kwamba ndiye aliyenizaa.

Mama mdogo alikutanisha viganja kwa furaha. Nikamwona, nikajua anachokitaka, na nikajua ana haki ya kukitaka. Mtumbwi wa soko ulikuwa unaondoka wiki hiyo na hakuna aliyelitaja tena jina la Kegonga. Kilichotakiwa kwangu ni kusimama tu.

"Sisimami," nikasema.

"Nyathina!" mama mdogo akashtuka. Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita, ila kwa sauti ya kunionya. "Ni kusimama tu. Kuna ubaya gani?"

"Siku watakapokosa, je?"

"Siku hiyo tutaijua ikifika."

"Siku hiyo nitarudishwa Kegonga." Nikawageukia wale wanaume. "Mguu wangu haukuwa mbaya. Sasa pia si mzuri. Siku tatu zile mlinibebesha lawama, siku tatu hizi mnanipa sifa, na vyote viwili sivitaki. Nendeni mkavue."

Nahodha akageuka. Akaweka kofia kichwani, akatoka, wengine wakamfuata. Mama mdogo hakusema nami siku mbili. Alipika, akaniwekea chakula, akageukia ukuta. Siku ya pili nilikaribia kumwambia basi nitasimama. Nililala mapema ili nisimwambie. Mtumbwi wa soko uliondoka akiwa ndani yake na matenga yake ya samaki wa moshi, mimi nikabaki kulinda kichanja, na aliporudi kutoka Homa Bay alinitupia kitambaa cha maua cha kushona gauni bila kusema neno. Nikajua tumepatana.

Wiki zilizofuata wavuvi walipata bila mimi. Sikusimama ufukweni hata mara moja, bado nilikuwa nazunguka nyuma ya kilima na debe langu, sasa kwa ubishi. Kopo langu nilikuwa nimelianza upya, tupu, siku ile niliyokataa. Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Halafu mabua yakaoza, majani yakaoza, maji ya mashambani yakaanza kunuka, samaki wakatawanyika. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Na siku ya nne mtoto mmoja akaja mbio kuniambia kwamba mwenye kofia anasema ufukweni: nyar Kuria alikataa kushika mtumbwi, ndiyo maana bahati imeondoka.

Nilichukua kopo. Sikukimbia, nilitembea, nikipanga maneno njia nzima, na hayakuwa maneno ya kumwambia mtu mzima. Niliwakuta wote pale. Nahodha alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi wake akiwafunga wale samaki wachache waliopatikana, mgongo umenielekea. Mwenye kofia alikuwa bado anaeleza. Kabla sijafungua mdomo, nahodha akazungumza bila kuinua uso.

"Mawe iko?"

"Yapo," nikasema.

"Mwaga."

Nilimwaga. Akamwambia mwenye kofia ahesabu, kuanzia siku niliyokataa. Yule kijana alipiga magoti mchangani, akahesabu, akakosea, akaanza upya. Nyeupe kumi na tisa. Nyeusi saba.

"Hiyo kumi na tisa ilikuja na mguu ya nani?" nahodha akauliza.

"Labda..." mwenye kofia akaanza.

"Labda si samaki. Huwezi kupeleka sokoni."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimengojea kauli hiyo tangu nilipofika kisiwani. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Alikuwa ameshika ukambaa wa mafunjo. Aliupitisha shavuni kwa ngege, akautoa mdomoni, akaurudisha mara ya pili kwa shavu lilelile, akaukunja kitanzi upande wa kushoto na kuficha ncha yake chini. Kila mvuvi pale alifunga kwa namna yake, na wanawake waliweza kukwambia samaki huyu ametoka mtumbwi gani kwa kutazama fundo. Fundo lile nililijua. Nilikuwa nimelifungua kwa meno, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye miti ya ua wetu.

Nilikaribia. "Mzee," nikasema chini, "wale samaki wa pale uani kwetu."

Alivuta kitanzi kikakaza.

"Wakati ile mguu yako ilikuwa mbaya," akasema. "Tumbo ilikuwa na makosa gani?"

Nilikasirika. Nasema kwanza nilikasirika, kabla ya kuona haya. Mtu aliyenifukuza kisiwani akawa ndiye aliyenilisha, sasa nimchukie vipi? Nilikuwa nimezoea kumchukia, ilikuwa kazi iliyokwisha. Siku zote zile nilihesabu nyavu zake, nikazigawa nyeupe na nyeusi, nikamhukumu yeye mwenyewe kwa kasia alilonyoosha asubuhi moja. Wale samaki wa uani sikuwawekea jiwe hata mmoja. Mimi, mtoto wa nyumba ya yule mwanamke anayetia mkono mpaka chini ya kikapu, nilimtazama samaki wa juu nikaenda zangu.

Sikumwomba msamaha, wala yeye hakuniomba. Alinipa ngege wawili wa kupeleka nyumbani nikawapokea kwa mikono miwili. Kisha nikawageukia wote, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Mguu wangu si mbaya na si mzuri. Ni mguu. Nimechoka kuzunguka kilima. Kesho nitapita njia ya ufukweni kama watu wengine wanaochota maji, na atakayekutana nami anisalimie."

Mwenye kofia alitazama mchanga. Mtu fulani akacheka kidogo. Nahodha aliendelea kufunga samaki.

Asubuhi yake niliteremka na debe, giza likianza kukatika. Walikuwa watano, wanasukuma mtumbwi. Sikusema kitu, nilisimama nikangoja. Nahodha akaacha kusukuma, akanyoosha mgongo.

"Oyawore, nyar Kuria," akasema. Umeamkaje.

Nikaitikia. Wengine nao wakasalimia mmoja mmoja, hata mwenye kofia, wa mwisho. Halafu wakaingia ziwani, nami nikachota maji yangu. Watu huniuliza walipata nini siku hiyo. Sijui. Siku hiyo sikuweka jiwe.